Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu tizi langu la vyuma (miezi 14, Mbeya)

Habari zenu ndugu zangu, na nyie wa Rungwe na Kyela ugonile. Mi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mwanjelwa, nakaa Ilomba, nina miaka 37 na watoto wawili. Nilianza kufuata programu ya mazoezi ya nguvu na pumzi mwezi wa nne mwaka jana na saivi ni mwezi wa sita baridi imekaza, na tangu watu waanze kuona mabadiliko kila mteja anayekuja kupima gauni ananiuliza maswali yaleyale, mwingine ananipigia usiku, kwahiyo nimeamua kuyajibu yote hapa kwa urefu. Mi sio daktari wala mwalimu wa jimu, nasema nilichofanya na nilichojifunza.

Ulianzaje, na kwanini vyuma wakati wenzio wanakimbia tu?

Kiuno. Nimeinamia cherehani zaidi ya miaka kumi, asubuhi mpaka usiku, na ikafika mahali nikisimama lazima nishike meza kwanza. Siku moja nimechota ndoo ya maji lita 20 nataka nijitwike kama navyofanya siku zote, ikafika kifuani ikagoma, nikaitua chini nikakaa pembeni yake nikalia, na sio maumivu yaliyoniliza, ni kuona kwamba sina nguvu ya kujitwika ndoo na bado sijafika 40. Nikaenda hospitali nikapimwa presha, sukari, mgongo, wakasema hakuna kilichoharibika ila misuli imelegea, nifanye mazoezi. Basi. Mazoezi gani hawakusema.

Kuna kaka mmoja mteja wangu, nilimshonea suti ya harusi, amesomea mambo ya michezo, nikamsimulia. Akaniambia dada kukimbia ni kuzuri kwa moyo lakini kiuno chako kinataka kubebeshwa mzigo kidogokidogo mpaka kizoee. Akachukua daftari langu la vipimo vya wateja, akaligeuza, akaandika kwa nyuma ukurasa mmoja tu. Huo ukurasa ndo programu yenyewe na ninao mpaka leo, mbele vipimo vya wateja, nyuma vyuma vyangu.

Na kwa wanaosema vyuma ni vya mabaunsa: huu utaratibu wa kuongeza uzito taratibu ulipata umaarufu kwa wagonjwa. Kulikuwa na daktari Mmarekani, Thomas DeLorme, miaka ya 1940, alikuwa anatibu wanajeshi waliorudi vitani na magoti mabovu na mifupa iliyovunjika, wakati huo wagonjwa walikuwa wanapewa mazoezi mepesi mepesi tu, yeye akawapa mizigo mizito na kuongeza kila wakizoea, wakapona haraka, na mwaka 1945 akaandika jinsi alivyofanya. Mpaka leo watu wa tiba ya viungo wanafuata msingi uleule.

Hiyo programu ikoje hasa?

Siku tatu kwa wiki, Jumatatu Jumatano Ijumaa, kila mara kama dakika 50, alafu Jumamosi mlima. Kuna siku ya kwanza na siku ya pili, unabadilishana.

Siku ya kwanza ni skwati (kuchuchumaa na kuinuka na mzigo) seti 3 za repu 5, yaani unarudia mara 5, unapumzika, raundi tatu, kusukuma (nilianza na pushapu za ukutani, saivi benchi presi, unalala chali kwenye benchi unasukuma chuma juu) seti 3 za repu 5, na kuvuta chuma kuja tumboni ukiwa umeinama seti 3 za repu 8. Siku ya pili skwati tena, kupandisha chuma juu ya kichwa seti 3 za repu 5, na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini mpaka usimame wima) seti moja tu ya repu 5 baada ya kupasha. Mwisho planki, unajishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka. Katikati ya seti nzito unapumzika dakika 2 mpaka 3, na hapa wengi mnaharibu mana mnataka kuhema tu mnadhani kuhema ndo kufanya kazi. Hapana. Kwenye nguvu unapumzika ili seti inayofuata uweze kubeba, kuhema kuna siku yake.

Kanuni ya kuendelea ni hii: ukimaliza seti zote na repu zote kwa mkao mzuri, safari inayofuata unaongeza kilo 2.5. Usipomaliza unarudia uzito uleule. Ukishindwa mara tatu mfululizo unashusha asilimia 10 unaanza kupanda tena. Ndo hivo tu. Mwanzoni nilidhani ananificha mengine.

Sina hela ya jimu, vyuma unapata wapi?

Miezi minne ya kwanza sikukanyaga jimu. Wiki mbili za mwanzo nilitumia kigoda tu, unakaa unainuka bila kushika kitu. Wiki ya tatu nikakumbatia kiroba cha mchanga kilo 10. Alafu nikatengeneza vyuma vya zege: makopo matupu ya rangi ya lita 4, unaweka bomba katikati, unamimina zege upande mmoja, unaacha likauke siku kadhaa, unageuza unamimina upande wa pili. Kopo la lita 4 likijaa zege linakuja kama kilo 9 na nusu. Bomba langu lilikuwa la inchi moja na nusu, la chuma kizito, lenyewe kilo 6, kwahiyo jumla kilo 25. Usitumie bomba jembamba, linapinda na likipinda likiwa juu yako ni hatari.

Ndoo ya lita 20 nayo ni mzani mzuri kuliko mnavyofikiri, lita moja ya maji ni kilo moja, ukitaka kilo 12 unaweka lita 12. Ila kitu kimoja, usiamini uzito wa gunia. Dada mmoja wa Uyole aliniambia anabeba gunia la viazi la kilo 100 kusukumana nalo, sisi wote tunajua lumbesa, gunia linaandikwa mia linabeba zaidi ya mia, mkulima anaibiwa na wewe unavunjika mgongo. Pima kwa mzani.

Jimu nilienda mwezi wa tano wa programu kwasababu skwati ilizidi kilo 30 na kupakia bomba mabegani peke yangu uani ilikuwa sio salama, inatakiwa stendi ya kuwekea chuma.

Matokeo yako ni yapi? tupe namba

Haya. Skwati kutoka kukaa kwenye kigoda mpaka kilo 70 mara 5. Dedilifti kutoka kilo 25 mpaka 95. Benchi kilo 37.5. Juu ya kichwa kilo 27.5, hii inapanda taratibu kuliko zote na kila mwanamke niliyeongea nae anasema hivohivo. Pushapu za chini za ukweli kutoka sifuri mpaka 14. Pulapu (kuning'inia kwenye bomba na kujivuta juu) sifuri mpaka 3, na ile ya kwanza niliipata mwezi wa kumi na moja, nilishuka nikapanda tena kuhakikisha.

Mapigo ya moyo asubuhi kabla sijatoka kitandani yalikuwa 84 kwa dakika, saivi 64. Uzito kilo 81, saivi 76.

Lakini namba ninayoipenda haitoki jimu. Kiuno (cha kupimia nguo) kilikuwa inchi 38 saivi inchi 33 na nusu, na kiuno cha kuuma sijameza dawa tangu mwezi wa kumi mwaka jana. Msimu wa harusi uliopita nimeshona sare za kamati mbili kwa wiki moja na nimesimama kutoka kwenye kiti bila kushika meza.

Mwezi wa kwanza nimepata nguvu sana ila mwili ni uleule, kwanini?

Kwasababu misuli bado haijakua, kilichobadilika ni mawasiliano. Wiki za mwanzo ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja na kwa mpangilio, ni kama fundi mpya, cherehani ni ileile mguu ni uleule lakini baada ya mwezi mshono umenyooka. Msuli wenyewe kukua kwa macho unataka wiki 8 na kuendelea, na tena ukiwa unakula. Kwahiyo usikate tamaa na usijipige picha kila siku, piga mara moja kwa mwezi, sehemu moja, nguo ileile.

Mbona mizani haishuki?

Hili ndo swali lililonichosha mwenyewe zaidi ya yote, mana miezi mitatu ya kwanza mzani ulitoka 81 ukaenda 80 ukarudi 81. Nikataka kuacha. Kilichoniokoa ni kazi yangu, futi inakaa shingoni mwangu siku nzima, siku moja hamna wateja nikajipima, kiuno kimepungua inchi 2, nyonga inchi moja, paja lipo vilevile ila gumu. Yaani mafuta yalikuwa yanaondoka na msuli unaingia, kilo moja ya mafuta inachukua nafasi kubwa kuliko kilo moja ya msuli, mzani unaona kilo tu hauoni nafasi. Na kuna maji, ukila chumvi nyingi unapanda, ukikaribia siku zako unapanda, mi huwa napanda kilo moja na nusu kabisa na baada ya siku nne imeondoka.

Kwahiyo nenda kwa fundi yoyote akupime kiuno, nyonga, kifua, paja na mkono wa juu, andika, rudi baada ya wiki nne. Asubuhi, kabla ya kula, futi isibane na isilegee. Wateja wangu nawapima bure.

Sitakuwa na mabega kama mwanaume?

Hapana. Homoni inayojenga misuli mikubwa, testosteroni, wanaume wanayo mara 10 mpaka 20 zaidi yetu. Nimebeba miezi 14 na gauni za mabega wazi ndo kwanza zinanikaa.

Unakula nini? mi sina uwezo wa kuku kila siku

Hata mi sina. Lengo la protini kwa mtu anayebeba vyuma ni kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwangu mimi ni kama gramu 120 kwa siku, na nilipopiga hesabu mara ya kwanza nilikuwa nakula kama 50 tu, chai na maandazi asubuhi, wali mchana, ugali na mboga za majani usiku. Yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa gramu 8. Maharage yaliyoiva kikombe kimoja gramu 15. Karanga konzi moja gramu 7. Na dagaa wakavu, jamani dagaa, kama nusu ya uzito wake ni protini, hakuna nyama itakayokupa hivyo kwa hiyo bei, na sisi tuko karibu na Kyela usipa wa Ziwa Nyasa unafika sokoni kila siku.

Sisi watu wa huku tumebarikiwa na hatujui. Maharage ya Mbeya yanapakiwa kwenda Dar, maziwa ya Rungwe yanapakiwa kwenda Dar, parachichi za Njombe zinapanda meli kwenda Ulaya, alafu sisi tunashindia maandazi. Asubuhi saivi nakula mayai mawili na kiazi cha kuchemsha na glasi ya mtindi. Mchana ugali wa dona, maharage, dagaa. Jioni ndizi za Kinyakyusa zikipikwa na nyama kidogo au na maharage tena. Kabla ya tizi nakula ndizi moja mbivu. Wanga sijaacha na sitaacha, ukiacha wanga utabeba nini.

Pombe sikatazi mtu ila mkilala na ulanzi Ijumaa msiniulize kwanini Jumamosi mlima umewashinda.

Na zile poda za jimu?

Mi situmii. Ya protini ni chakula tu kilichokaushwa, kama unapata dagaa na maziwa haina haja. Kreatini, poda nyingine ya jimu, imechunguzwa sana na inasaidia nguvu kidogo, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, kwa mtu mzima mwenye figo nzima. Vidonge vya kuyeyusha mafuta na zile sindano zinazouzwa kimyakimya achana navyo kabisa, nakuomba.

Mwili mzima unauma, niendelee au nipumzike?

Kuna maumivu mawili tofauti na hili nalijibu kwa uchungu mana nilichanganya nikaumia.

La kwanza ni uchovu wa msuli, linakuja kesho yake, linakuwa kali siku ya pili au ya tatu, liko pande zote mbili sawasawa, ukitembea linapungua. Hilo ni la kawaida, endelea, tembea, oga maji ya moto, baada ya wiki tatu litakuwa dogo sana. Kutopata hayo maumivu pia haimaanishi hujafanya kazi, msiyatafute.

La pili linakuja palepale, sehemu moja, linachoma, upande mmoja. Hilo unaacha siku hiyohiyo. Mwezi wa tano wa programu, jimu ya kwanza niliyoenda, nilikuwa kwenye dedilifti ya kilo 45, mwalimu wa pale akaniangalia akasema we mama una nguvu unajidekeza, akaongeza mpaka 65 kwa mara moja. Daftari langu lilikuwa linasema 47.5. Nikaona aibu kukataa mbele ya watu. Repu ya pili mgongo ukajikunja, nikasikia kama kitambaa kinachanika. Siku kumi sikuweza kukaa kwenye cherehani, oda za watu zikachelewa, nikarudishia watu wawili hela zao. Nilihama ile jimu na nikarudi kuanzia kilo 25, lile bomba langu la nyumbani, ikanichukua wiki sita kufika pale nilipokuwa.

Kwahiyo mtu yoyote akikwambia ongeza na daftari linasema bado, sema hapana kwa sauti. Na mgongo ukiuma ukaambatana na ganzi inayoshuka mguuni, au mguu kukosa nguvu, au mkojo kukutoka bila kujua, hiyo sio ya kupumzika nyumbani, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nimekwama uzito uleule wiki nyingi, nifanyeje?

Karibu, kila mtu anafika. Mi skwati iligoma kilo 50 wiki tano nzima mwezi wa kumi na mbili. Nikabadilisha viatu, nikabadilisha siku, nikaangalia video mpaka data ikaisha, wala sio huko. Tatizo lilikuwa kwenye kurasa za mbele za daftari, oda za Krismasi na harusi, nilikuwa nalala saa nane usiku naamka saa kumi na moja na nusu. Msuli haujengwi jimu, jimu unauchosha tu, unajengwa ukilala na ukila, na mtu mzima anahitaji kulala masaa 7 au zaidi. Nilipooanisha kurasa za mbele na za nyuma nikaona kila wiki yenye oda nyingi ndo wiki niliyoshindwa, iko wazi kabisa imeandikwa kwa mkono wangu.

Nilifanya vitu vitatu. Wiki moja nzima nikabeba nyepesi, kama asilimia 60 ya kawaida, nikawa naondoka nikiwa bado nataka. Nikaacha kupokea oda baada ya tarehe 15 na nikawa nalala saa nne usiku. Na nikaacha kuongeza kilo 2.5 kwa mpigo, mana mwanzoni mtu ana nafasi kubwa ya kupanda, baadae nafasi inapungua na kilo 2.5 kwa mwanamke anayebeba 27.5 juu ya kichwa ni kama asilimia 9, ni nyingi mno. Jimu hakuna visahani vya uzito mdogo zaidi ya huo. Nikashona vifuko viwili vya jinsi, kila kimoja nikatia mchanga nusu kilo nikaupima kwa mzani wa duka la jirani, nafunga kimoja kila upande wa chuma. Naongeza kilo moja. Watu walinishangaa wiki ya kwanza, saivi nimeshona jozi sita za wenzangu na nauza.

Wiki nyepesi naifanya kila baada ya wiki 6 sasa, nimekwama au sijakwama.

Pumzi je? hayo mavyuma si yanamfanya mtu mzito?

Jumamosi alfajiri naenda Loleza. Kwa wasio wa huku, Loleza ni ule mlima unaosimama nyuma ya mji wa Mbeya wenye minara juu, kilele chake kiko mita 2,656, mji wenyewe uko kama mita 1,700. Naanza pale barabara inapopita hospitali kwenda juu na nina jiwe langu kubwa ambalo ndo mwisho wangu wa wiki. Mara ya kwanza dakika 47 na nilisimama mara tisa. Wiki iliyopita dakika 31 sijasimama. Jiwe ni lilelile na mimi nina vyuma vya miezi 14 mwilini, kwahiyo hilo la vyuma kumfanya mtu mzito sio kweli, mguu wenye nguvu kila hatua unatumia sehemu ndogo ya uwezo wake.

Ila siendi kwa kasi kila wiki. Wiki tatu naenda mwendo ambao naweza kuongea sentensi nzima bila kukata, wiki ya nne ndo najipima na saa. Nilipokuwa najipima kila wiki nilichoka na muda haukushuka. Alafu Jumatano mwisho wa tizi nabeba ndoo mbili za lita 20, moja kila mkono, mita 40 kwenda, napumzika, narudi, dakika 10 zikiisha naacha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki na siku 2 za kuimarisha misuli, ukijumlisha kutembea kwangu kutoka Ilomba mpaka kibandani na kurudi ninazo.

Nimehamia Mbeya kutoka Dar, mbona nahema sana?

Hewa yetu ni nyepesi, mita 1,700 msukumo wa hewa ni kama asilimia 80 na kidogo ya ule wa pwani, kila pumzi unaingiza oksijeni pungufu na moyo unafidia kwa kukimbia. Wiki mbili tatu za mwanzo punguza kasi ya kukimbia na kupanda, vyuma havitakusumbua sana. Hata mwanariadha wetu mzee John Stephen Akhwari, kwenye Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico, mji ulioko zaidi ya mita 2,200, misuli ilimbana akaanguka akaumia goti na bado akamaliza marathoni na bandeji mguuni. Wewe huna mashindano, nenda taratibu. Njombe na Makete ni juu zaidi yetu, ukienda huko utasikia tofauti.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba unaamkaje?

Siamki kwa hamu, naamka kwasababu nguo za tizi nimelala nazo ndani ya blanketi. Napasha dakika 10 badala ya 5, nafanya seti mbili nyepesi zaidi kabla ya uzito wa kazi. Mvua kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne njia ya mlima inateleza, nabadilisha napanda na kushuka ngazi au ndoo nabeba barazani.

Nikikosa wiki mbili narudi sifuri?

Hapana. Mwezi wa pili tulikuwa na msiba Tukuyu, wiki mbili na nusu sikugusa kitu zaidi ya kupika kwenye masufuria makubwa na kulala kwenye mkeka. Nilirudi na mawazo kwamba nimepoteza kila kitu. Pumzi ilikuwa imeshuka kweli, jiwe langu lilirudi dakika 38 kutoka 34. Lakini nguvu inakaa muda mrefu, wiki mbili tatu haiondoki sana, nilianza na asilimia 80 ya nilipoishia na baada ya wiki mbili nilikuwa palepale. Msilipize, msifanye siku sita mfululizo kufidia, hapo ndo mtu anaumia.

Mume wako anasemaje?

Mwanzo alinyamaza. Mwezi wa saba akamimina zege la makopo mawili mapya bila kuambiwa.

Unaandika nini kwenye hilo daftari?

Tarehe, nimelala masaa mangapi, zoezi, kilo, seti na repu, na mwisho namba moja: nimebakiza repu ngapi. Yaani ungeendelea ungeweza ngapi tena? Kama jibu ni 4 uzito ni mwepesi, kama ni 1 au 2 uko sawa, kama ni 0 kila siku utachoka ndani ya mwezi. Mfano wa Ijumaa iliyopita: nimelala masaa 7, skwati 70 seti 3 za 5 nimebakiza 1, juu ya kichwa 27.5 repu 5, 5, 4, dedilifti 95 mara 5 nimebakiza 1, planki dakika moja na nusu, goti la kulia limelia kidogo mwanzoni likaacha. Basi. Dakika mbili kuandika.

Mama yangu ana miaka zaidi ya 60, anaweza? au ni za vijana tu

Hili nimeliacha mwisho kwasababu nina mtu. Misuli inaanza kupungua tangu miaka ya 30, kama asilimia 3 mpaka 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 inaongeza kasi, na ndo maana mzee anaanguka chooni nyonga inavunjika. Kubeba uzito kunapunguza hilo na kunasaidia mifupa. Apimwe presha kwanza, na kama ana ugonjwa wa moyo daktari wake aseme.

Mama yangu yuko Tukuyu, ana miaka 66. Tulipokuwa kwenye ule msiba nilimwona anainuka kwenye kigoda kwa kushika ukuta, nikamwambia mama tujaribu kitu. Kipimo kipo na kinatumika hospitali: kiti cha kawaida, mikono umekunja kifuani, unainuka na kukaa kwa sekunde 30, unahesabu. Mwanamke wa umri wake akipata chini ya 11 ni dalili kwamba yuko kwenye hatari ya kuanguka. Alipata 6. Nikamwachia kazi ndogo, kila siku baada ya chai ya asubuhi anainuka kwenye kiti seti 2 za 5, kiti kiwe kimegusana na ukuta kisiteleze, na mjukuu anaandika kwenye daftari la shule kwa nyuma. Nilimwambia mjukuu anipigie kila Jumapili anisomee.

Mwezi wa tatu 8. Mwezi wa nne 9, na hapo akaanza kushika chupa ya maji ya lita moja na nusu kifuani. Mwezi wa tano akaumwa mafua, 9 tena. Jumapili iliyopita mjukuu amesoma 12, alafu simu ikachukuliwa na mama mwenyewe, hakusalimia, akaniuliza lile kopo la zege dogo nililomwambia nitamletea liko wapi.